Ukungu Katikati ya Kioo

Ukitaka kumkasirisha Spéciose, mwambie tu kwamba picha nzuri ni bahati. Mama huyu wa miaka sitini na moja, mfupi, mwenye sauti ya kuwaamrisha watu wazima wasogeze viti, amepiga picha za sherehe hapa Kigali kwa karibu miaka thelathini na bahati haiamini hata kidogo. Anaamini jicho. Tena si macho mawili kama sisi wengine. Anaamini jicho moja, la kulia, na hilo ndilo lililomponza. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akazilaumu kamera, maana yeye mwenyewe alizilaumu kamera tatu mfululizo, na hakuna hata moja iliyokuwa na kosa.

Alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi Wanyarwanda waliokimbilia huko. Baba yake, Libère, alikuwa na studio ya chumba kimoja chenye pazia la bluu nyuma na kiti cha mbao mbele. Binti alipofikia umri wa kushika kamera bila kuiangusha, baba alimfunga kitambaa kwenye jicho la kushoto, akamwambia akae nacho wiki nzima. Alikula nacho, alienda nacho shule, wenzake wakamcheka mpaka akazoea. "La kulia ni la kazi," baba alimwambia, "la kushoto ni la nyumbani." Toka wiki ile, kila Spéciose anapoinua kamera, jicho la kushoto hujifumba lenyewe, na la kulia hubaki na dunia yote peke yake.

Kigali alikuja mwaka wa tisini na tano, akiwa na mume, mtoto mchanga aitwaye Uwera, na kamera moja. Mume alifariki miaka mingi baadaye, Uwera akaolewa Huye, kamera zikabadilika kutoka za filamu hadi za dijitali, lakini kazi haikubadilika sana. Studio yake iko Kibagabaga, chini kidogo ya hospitali, na wazazi wanaotoka wodini na vichanga vyao hupita hapo wapigwe picha ya kwanza. Jumamosi ni siku za harusi. Katikati ya wiki huenda Masoro, kwenye ghala la kiwanda kimoja cha nguo na viatu, kupiga picha za bidhaa ambazo wateja wa mbali wanazichagua kwenye mtandao. Kwa hiyo ana kazi za aina mbili: ya watu wasiotulia na ya vitu visivyotembea.

Mwezi wa Septemba, mvua zilipoanza, ukungu ukaingia kwenye kamera yake.

Haukuwa mkubwa. Kila alipoweka jicho kwenye kitundu cha kutazamia, katikati palikuwa na doa la kijivu, dogo, kama mtu amegusa kioo na kidole chenye mafuta. Aliufuta. Ukabaki. Mpiga picha yeyote wa mji huu anajua adui wa msimu wa mvua ni nani: ni kuvu. Huota ndani ya vioo, nyuzi kwa nyuzi, na ikishaota haitoki. Spéciose anaiogopa kuvu kuliko wezi. Kamera yake hulala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, chini ameweka soksi iliyojaa mchele mkavu wa kufyonza unyevu. Basi akabadilisha mchele. Akaongeza soksi ya pili. Ukungu haukujali soksi.

Jambo moja lilimpa moyo: picha zenyewe zilitoka safi. Akizifungua kwenye kompyuta, kila kitu kiko mahali pake. Kwa hiyo, akajisemea, lenzi haina neno, kuvu imeota kwenye kile kitundu tu. Ni hoja nzuri, hata fundi angeikubali. Bahati mbaya iliyoje, mtu mwenye akili zake kukosea kwa hoja nzuri namna ile!

Oktoba akaazima kamera ya Silvère, mpiga picha mwenzake wa Remera. Akaweka jicho. Ukungu ule ule, katikati, umekuwa mkubwa kidogo. Alimrudishia siku ya pili yake na maneno makali juu.

"Silvère, sha, wewe unaweka kamera wapi, bafuni? Imeota kuvu."

Silvère alitazama, akageuza, akatazama tena. Ni kijana mpole, hapendi kubishana na mtu wa umri wa mama yake. "Pole, mama," alisema, akaiweka mkobani. Laiti angebisha.

Novemba ilipofika katikati, Gahongayire akampigia simu. Huyu ni rafiki yake wa toka Buyenzi, walisoma darasa moja, na ni mmoja wa wale waliomcheka na kitambaa chake. Binti yake wa mwisho, Mutoni, anaposwa, na sherehe ya gusaba, ya familia ya mume kuja kumwomba bibi arusi, ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

"Nataka wewe, weye mwenyewe," Gahongayire alisema. "Siyo vijana wa drone. Nataka ile picha mtoto wangu anatoka ndani. Ile umepigia watu wote Kigali, na mimi sijapata yangu."

"Utaipata," Spéciose alijibu. "Nikikosa hiyo, naacha kazi."

Akakata simu, akaitazama ndoo yake. Siku kumi na nne zilibaki, na hana kamera anayoiamini.

Haji Haruna ana duka la kamera Nyamirambo, jembamba hivi kwamba wateja wawili wanene hawapishani. Babu yake alitoka pwani na mizigo ya vitambaa, akaoa huku, akakaa. Haruna mwenyewe ni mzaliwa wa mtaa huo huo, mzee mtaratibu mwenye kofia nyeupe na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Yeye na Spéciose wanafahamiana miaka ishirini. Alipoletewa kamera ya zamani ya Spéciose, alivaa miwani ya kusomea, akachungulia kitunduni, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akachungulia tena.

"Mama Uwera, hii kamera iko safi."

"Haji, usinipake mafuta. Iko na kuvu katikati."

"Wallahi sioni kitu."

"Basi ni miwani yako."

Haruna akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Alimtazama mama yule usoni, muda mrefu kuliko adabu ya biashara inavyoruhusu, kisha akainama chini ya meza na kutoa kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, yenye kitundu cha kutazamia na lenzi ndefu. Ya pili ilikuwa ndogo, bapa, haina kitundu kabisa, ina skrini tu mgongoni.

"Hii kubwa ni ya harusi," alisema. "Iko haraka, inavuta mbali, mtu akikimbia inakimbia naye. Hii ndogo ni ya viatu vyako vya Masoro. Rangi zake tamu sana, lakini inataka utulie, na mtu akiwa mbali haimfikii. Kama ni sherehe, sikufichi, chukua kubwa. Lakini kaa na zote wiki moja, uzijaribu, kisha uchague."

Hapo hapo dukani Spéciose akainua ile kubwa, jicho la kushoto likajifumba, na la kulia likakutana na ukungu.

  Akazifunga zote mbili kwenye kitenge, akaaga.

Kwa siku nne alizijaribu nyumbani. Ile ndogo ilimfurahisha bila kutaka. Aliishika mbele ya kifua, macho yote mawili wazi, akaona kila kitu safi: sura ya kichanga cha siku mbili, kope zake, maziwa yaliyokauka kidevuni. Ile kubwa aliiinua na kuishusha, akaifuta, akailaza kwenye ndoo ya mchele usiku mmoja, akaiinua tena. Ukungu ulikuwa palepale. Kamera tatu sasa, za watu watatu, na doa moja. Mtoto wa darasa la pili angeshajiuliza ni kitu gani kimoja hizo kamera zilishiriki. Lakini lile jicho lilikuwa limemlisha, limemjengea nyumba, limemsomesha Uwera. Nani humshuku anayemlisha? Alisema ni mwaka wa kuvu, mvua zimezidi.

Siku ya tano akazipeleka Masoro.

Mkuu wa ghala ni Mrundi aitwaye Niyongabo, mtu wa mizaha, anayempenda Spéciose kwa sababu wanazungumza Kiswahili cha Bujumbura na kukumbushana mitaa. Siku hiyo palikuwa na rafu mpya za chuma, ndefu, zimejaa maboksi hadi karibu na paa. Spéciose akasimama mwisho wa njia, akainua kamera kubwa.

Rafu zilikuwa zimepinda. Katikati, pale penye ukungu, vyuma vilikuwa vimebonyea ndani, kama kamba ya kuanikia iliyoelemewa na nguo mbichi. Boksi moja lilikuwa nusu. Akabonyeza. Akashusha kamera. Rafu zilikuwa zimenyooka.

"Niyongabo! Njoo. Hizi rafu mmezifunga vizuri?"

"Za jana tu hizo, mama. Nilipima mwenyewe na maji." Alimaanisha kile kipimo chenye povu la maji ndani. Akaja, akachungulia kitunduni kwa muda. "Ziko sawa."

"Katikati hapo?"

"Katikati hapo. Sawa kabisa." Akaitazama picha kwenye skrini, na hapo pia rafu zilikuwa zimenyooka. "Mama Spéciose, umekula leo?"

Akamjibu kwamba amekula, tena kwa ukali. Picha zote zilizobaki alizipiga kwa ile ndogo, juu ya stendi ya miguu mitatu, viatu jozi kwa jozi. Alikuwa na hofu. Nasema wazi: alikuwa na hofu kubwa, na kwa vile hakutaka kujua ya nini, aliigeuza hasira na kumpangia Haruna maneno njiani.

Kwenye pikipiki, walipofika makutano ya Sonatubes, magari yalisimama. Vumbi likamwingia jicho la kushoto, akalifumba na kulisugua. Mbele yao palikuwa na lori, na lori lile halikuwa na namba. Pale panapokaa bamba palikuwa na kijivu kitupu. Akamwambia dereva wa pikipiki kwamba siku hizi watu wanatembeza malori bila namba na polisi wanatazama tu. Dereva akageuza kofia yake ngumu, akalitazama lori, kisha akamtazama abiria wake kwenye kioo.  Taa ikawaka kijani, wakaondoka.

Ilikuwa Ijumaa. Haruna alikuwa ameshafunga mlango mmoja, anajiandaa kwenda msikitini. Spéciose akaiweka kamera kubwa mezani kwa kishindo.

"Hii mbovu, Haji. Inapinda vyuma. Nachukua ndogo."

"Ndogo kwa sherehe?" Haruna akakaa tena. "Bibi arusi anatokea kule, wewe uko huku, katikati kuna wazee wamekaa. Utampata saa ngapi? Na jua likipiga skrini, utaona nini?"

"Naona vizuri kwa hii. Kwa hii nyingine sioni."

Alipoisema hiyo sentensi Haruna aliondoa miwani. Akapangusa vioo kwa ncha ya kanzu, akauliza polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani, kama kuna mtu mwingine kwao aliyewahi kusumbuliwa na vyombo namna hii.

"Baba," Spéciose akajibu mara moja, akifurahi kupata shahidi. "Mzee wangu alipofika kama umri wangu huu, walianza kumletea filamu mbovu. Zote zina doa. Akabadilisha duka, bado. Akasema ni dawa za kusafishia, akabadilisha dawa. Akasema ni karatasi. Wafanyabiashara wa wakati ule walimwonea sana, Haji, mpaka akachoka."

"Na alipobadilisha karatasi, doa likaisha?"

"Alifunga studio."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo alikaa tu nyumbani." Akafikiri kidogo. "Alikuwa na tabia ya kukutazama kwa upande. Unaongea naye, uso ameugeuzia ukutani. Watoto walidhani ana hasira nao."

 Muadhini alikuwa ameanza, na Haruna alisubiri mpaka amalize, kwa heshima na pia kwa sababu alikuwa anatafuta maneno ambayo hayatamwumiza mtu. Hayakuwepo.

"Mama Uwera, mimi ni muuzaji, ningekuuzia zote mbili leo. Lakini nakuomba, usinunue. Nenda kwanza wakupime macho. Anza na hilo la kulia. Nenda leo, hata sasa hivi, mimi nakulipia pikipiki."

Uso wa Spéciose uliwaka. Angemwambia ameiba, angemsamehe. Angemwambia picha ni bahati, labda angemsamehe pia, baada ya mwaka. Lakini jicho!

"Haji, jicho hili limekuona wewe ukiwa na nywele," alisema. Akachukua ile ndogo, akaifunga kwenye kitenge, akatoka bila kuaga. Haruna alisimama mlangoni akamtazama anavyoteremka ile njia ya mawe. Alichelewa swala siku hiyo.

Sherehe ilikuwa wiki moja baadaye, Rusororo, kwenye bustani yenye nyasi zilizokatwa fupi na mahema mawili meupe yanayotazamana. Asubuhi palikuwa na mvua, kisha mawingu yakaachana na jua likatoka kali, la kuumiza. Spéciose alifika mapema. Hema hili wamekaa wenyeji, hema lile wamekaa wageni, na kati yao wazungumzaji wa familia mbili wanarushiana maneno: mmoja anajifanya hajui wageni wamefuata nini, mwenzake anajifanya amepotea njia, watu wanacheka, vinywaji vinapita. Mambo ya karibu yote aliyapata. Vibuyu vya maziwa, fimbo za wazee, mikono ya Gahongayire inayokunjakunja leso. Kamera ndogo ilifanya kazi tamu, na hofu yake ikapungua. Akawaza kwamba Haruna anazeeka vibaya.

Kisha mpiga ngoma akaanza, na watu wote wakageukia nyumba. Mutoni anatoka.

Huwa anatoka polepole, bibi arusi wa Kinyarwanda. Wasichana wenzake mbele na nyuma, mishanana, vile vitambaa vya sherehe, mabegani, kichwa ameinamisha. Kwenye ngazi ya tatu au ya nne huinua uso mara moja kumtafuta mama yake, na akishamwona huuinamisha tena. Si sheria iliyoandikwa popote. Ni jambo wanalolifanya, na Spéciose ndiye aliyelijua kabla ya wapiga picha wote wa mji huu. Linachukua sekunde mbili. Hiyo ndiyo picha aliyoahidi.

Alikuwa mbali, hatua thelathini, na wazee wako katikati kama Haruna alivyosema. Akainua kamera mbele ya kifua. Skrini ilikuwa nyeupe tupu. Jua lilikuwa limeimeza. Akaigeuza huku na huku, akaikinga kwa kiganja, haikusaidia. Wasichana wa kwanza walikuwa wameshakanyaga ngazi.

Wapiga picha wa zamani walikuwa na dawa ya jua. Akavua kitenge cha begani, akajifunika nacho kichwa pamoja na kamera, kama alivyofanya baba yake na kamera yake ya zamani ya sanduku la mbao. Kitenge kikateremka upande mmoja, kikamziba jicho la kushoto. Hakukiondoa. La kulia ndilo la kazi.

Ndani ya kile kigiza skrini ilionekana. Aliona ngazi, mishanana, miguu, vichwa vya wasichana wa pembeni. Katikati alisimama mwanamke asiye na uso. Shingo ilipanda, shanga zilipanda, na juu yake palikuwa na ukungu wa kijivu, mkubwa kama sahani.

Akasogeza kamera kushoto. Sasa msichana wa kushoto ndiye aliyekosa uso. Akaisogeza kulia, wa kulia akafutika. Hii ndiyo kamera safi. Hii haina kitundu, haina pa kuota kuvu, amekuja nayo mwenyewe na kwa macho yake ameiona safi. Mkono wake uliinuka wenyewe, ukaondoa kitenge kwenye jicho la kushoto, na uso wa Mutoni ukarudi. Ukalifunika tena, uso ukapotea. Alifanya hivyo mara tatu akiwa amesimama katikati ya sherehe, kichwa ndani ya nguo, na huko nje watu walipiga vigelegele.

Alipojifunua, Mutoni alikuwa ameshafika chini. Kichwa kimeinama, na mama yake analia kwa furaha. Spéciose akaziba jicho la kushoto kwa kiganja, akautazama mlingoti wa hema. Ulikuwa umepinda katikati.

"Mana yanjye," alisema. Mungu wangu.

Aliendelea kupiga picha mpaka mwisho, nisije nikamsingizia. Alipiga ng'ombe, keki, wajomba. Gahongayire alipomjia na kumshika mikono yote miwili na kumuuliza, "Umempata? Alinitazama, uliona? Alinitazama," Spéciose hakuweza kudanganya na hakuweza kusema. Akamkumbatia ili asimwone usoni.

Jumatatu alikwenda kliniki ya macho, peke yake, hakumwambia hata Uwera. Walimdondoshea dawa za kupanua mboni, wakamkalisha mbele ya mashine yenye pa kuegesha kidevu. Msichana wa mashine akamwambia, "Usitingishike, mama, tazama taa." Yeye ambaye ameyasema maneno hayo kwa maelfu ya watu alitulia kama alivyoagizwa. Mwanga ukapiga mara moja. Wakahamia jicho la pili, ukapiga tena.

Daktari alikuwa kijana, Hirwa jina lake, mwenye sauti ya chini. Aliweka picha mbili kwenye skrini kubwa, moja ya kila jicho. Zilikuwa duara mbili za rangi ya chungwa, mishipa imetandaa ndani yake. Spéciose aliziangalia kwa jicho la kushoto, mikono mapajani, na kwa mazoea ya maisha yote aliona kwanza kwamba zimepigwa vizuri, fokasi imekaa, mwanga haukuzidi. Hakuna ukungu kwenye kioo. Kisha akaona lile doa kwenye duara la kulia, katikati kabisa, jeupe la kijivu, kingo zake zimekunjamana.

"Hiyo inatoka?" aliuliza.

"Hapana, mama. Ilianza na mshipa unaovuja nyuma ya jicho. Mwanzoni ilikuwa maji tu, na maji tuna sindano zake, nyingi zinafanya kazi. Sasa limeshakuwa kovu." Akasogeza kalamu hadi kwenye duara la pili, akaonyesha vidoa vya njano, vitatu au vinne, vidogo kama punje za ulezi. "Na huku nataka nikuone kila mwezi. Ukiona mstari wowote umepinda, usingoje hata siku mbili. Unakuja siku hiyo hiyo."

Spéciose akaitikia kwa kichwa. Nje mvua ilikuwa imeanza tena kupiga bati.

"Ulianza kuona tofauti lini?" daktari akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Septemba."

Kijana yule alihesabu, ingawa hakukuwa na haja ya kuhesabu. Hakuwa mkali. Aliuliza kwa huruma kabisa, na huruma ile ndiyo iliyomvunja.

"Na miezi hii mitatu, mama yangu, ulikuwa unafanya nini?"

Spéciose akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa nachagua kamera, daktari."